Nani Aulize, Nani Ajibu

Bwana Fabian alikuwa na mifuko ya kuuza, na alitaka sauti ya mwanaume. Alilisema hilo kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti, akiwa bado anajipangusa vumbi la barabarani kwenye suruali.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, vyumba vitatu vya ghorofani nyuma ya soko la Majengo, mjini Dodoma. Anastazia ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, na kwa uchache wa watu ndiye pia aliyekaa kwenye mitambo ya kurekodia. Violeth aliandika matangazo ya biashara na kuyasoma mengine. Elisante alikuwa mtangazaji wa asubuhi, na sauti yake watu waliifahamu kuanzia Zuzu hadi Mtera.

Mifuko ya Fabian iliitwa Shibe. Kwa nje ilikuwa kama viroba vingine, lakini ndani ya kila kiroba kulikuwa na mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwenzake. Mkulima akijaza mahindi makavu, akakamua hewa na kufunga kila mfuko kwa nguvu, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, walikufa humohumo bila kutiwa dawa.

"Sina ubaya na wewe, dada," Fabian alimwambia Violeth. "Sauti yako ni nzuri. Lakini sauti ya mwanamke ni ya sabuni, mafuta ya kula, nguo za watoto. Hapa mimi nazungumza na mkulima."

"Mkulima ndiye nani?" Violeth aliuliza.

Fabian alicheka. "Mkulima si mkulima tu?"

Violeth hakubishana naye. Yeye mwenyewe alizaliwa Haneti, na mkulima aliyemjua kuliko wote alikuwa mama yake, lakini hakuona kama mteja aliyetoka kuingia mlangoni ni mtu wa kuelezwa mambo ya kwao. Akaandika tangazo. Aliliandika vizuri, maana mambo hayo aliyajua: namna mtu anavyofungua ghala mwezi wa Desemba akakuta unga mtupu chini na punje zilizotobolewa juu, na namna anavyosimama pale akiwa hajui amwite nani.

Elisante akaingia studio, akavaa vidude vya masikioni, akasoma. "Mkulima mwenzangu! Jasho lako lisiishie tumboni mwa dumuzi."

Elisante alikulia Moshi mjini, mtoto wa walimu wawili. Jembe alilishika shuleni tu, tena kwa adhabu. Unga wake alinunua dukani ukiwa umefungwa. Lakini sauti yake ilitoka kifuani, nzito na yenye utulivu, na Violeth aliyekuwa upande wa pili wa kioo alisikia maneno yake mwenyewe yakigeuka kuwa ya mtu aliyevuna misimu mingi. Hilo lilimuuma kidogo. Lililomuuma zaidi ni kwamba hata yeye aliyaamini zaidi yakisemwa vile.

"Hapo sawa," Fabian alisema huku akisimama. "Huyo ndiye mkulima."

Tangazo likaanza kurushwa mwezi wa Juni, wakati watu wanapura. Fabian alipiga simu akiwa na furaha. Mifuko ilikuwa inaondoka. Wanaume walikuja na pikipiki kuichukua, na wengine walitaja tangazo kwa maneno yaleyale, "jasho lako lisiishie tumboni." Elisante alipopita sokoni, vijana walimwita Mkulima Mwenzangu, naye akawapungia mkono.

Mwishoni mwa Julai Violeth alikwenda Haneti kumwona mama yake. Upepo wa baridi ulikuwa unavuma tangu alfajiri, na mama yake, Paskazia, alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta, anapepeta mtama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mjini hamli?"

Waliulizana habari za wote, wa huku na wa kule, kama desturi. Kisha Violeth akaingia ndani kuweka mkoba wake, na pale kwenye kona, mahali palipokuwa na viroba vya zamani, akaona mifuko miwili ya Shibe imesimama, imejaa, imefungwa kwa kamba ya katani.

Alitoka nje akicheka. "Mama! Umenunua?"

"Nimenunua. Nimesikia redioni kwenu. Yule baba anaongea vizuri."

"Lakini mimi nimekwambia habari ya mifuko hii tangu mwaka juzi. Nimekwambia kwa simu, nimekwambia hapahapa Krismasi."

"Uliniambia," Paskazia alikubali, na ungo wake haukusimama. "Wewe ni mwanangu. Nimekufundisha mimi kushika jembe. Sasa ungenifundisha nini mimi habari ya mahindi? Lakini yule baba, ukimsikia unajua huyu amevuna sana."

"Mama, yule hajavuna hata bamia."

"Usiseme hivyo."

"Kweli. Na yale maneno anayosema niliandika mimi."

Paskazia alisimamisha ungo, akamtazama binti yake kwa muda. Hakuonekana kuona haya. Alikuwa anapima jambo.

"Basi umeandika vizuri," alisema mwishowe. "Lakini ungeyasema wewe nisingenunua. Nakwambia ukweli. Ningesema, huyu mama naye, ana mifuko anataka imtoke."

Violeth alitaka kucheka akashindwa. Alirudi ndani, nusu kwa kuficha uso, nusu kwa kutaka kuiona mifuko vizuri. Akaweka kiganja juu ya mmoja. Ulikuwa na joto. Akaugusa mwingine, ule ulikuwa baridi kama ukuta. Akarudi kwenye ule wa kwanza, akainama karibu na mdomo wake, na harufu ikamfikia hata kabla hajafungua kamba: harufu ya chumba kilichofungwa wakati wa masika.

"Mama, haya mahindi uliyaanika?"

Paskazia alikuja akasimama mlangoni. "Ya huo mwingine niliyaanika. Hayo niliyavuna mapema. Ng'ombe walikuwa wanaingia shambani kila siku, nikaona bora niyaokoe. Nikayapura, nikayatia mfukoni. Si yule baba amesema huo mfuko unatunza?"

"Alisema ukaushe kwanza."

"Alisema?" Mama alifikiri. "Pale mwishoni? Pale alikuwa anakimbia. Nikajua ni yale maneno ya kumalizia tu."

Walifungua. Punje za juu zilikuwa zimeshikamana, na katikati kulikuwa na ukungu wa kijani uliofunika mahindi kama vumbi la chokaa. Paskazia alitumbukiza mkono, akatoa konzi moja, akaifumbua mbele ya mwanga wa mlango.

"Palikuwa na namba ya simu kwenye tangazo," Violeth alisema taratibu. "Ya kuuliza."

"Niliisikia."

"Mbona hukuuliza?"

"Nimuulize nani? Yule baba?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Paskazia ilipanda. "Nimpigie mwanaume nisiyemjua, mtu mwenye sauti kama ile, nimuulize mahindi yakaukeje? Mimi, mtu mzima? Angeniona sina akili."

"Na angekuwa mwanamke?"

"Mwanamke ningemuuliza. Mwanamke unamuuliza tu."

"Lakini kwake usingenunua."

Paskazia akajikuta anatabasamu, ingawa konzi ya mahindi mabovu bado ilikuwa mkononi. "Kweli. Ningeuliza halafu nisinunue."

Tabasamu halikukaa. Mama alitaka kuyachambua, yaliyo mabaya sana awape kuku, yaliyobaki ayapeleke kwa mwanamke mmoja aliyepika pombe. Violeth alikataa. Alimweleza habari ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, kwamba haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, kwamba kuku atakufa na mnywaji wa pombe ataumia ini. Paskazia aliijua habari hiyo. Miaka ya nyuma watu walikwisha kuzikwa kwa ajili yake, katika vijiji ambavyo aliweza kuvitaja. Lakini kuijua ni jambo moja, na kumwaga chakula ni jambo lingine, kwa mtu aliyezaliwa katika nchi ambayo mvua ikigoma watu huenda kuomba nafaka mbali kwa wajomba.

Alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Kisha akaingia ndani akatoa jembe, akampa binti yake, naye akachukua la pili.

Walichimba nyuma ya nyumba, karibu na uzio wa minyaa. Ardhi ilikuwa ngumu. Walipomimina mahindi yale shimoni Paskazia aligeuza uso, na Violeth akafukia peke yake. Jirani aliyepita aliuliza kuna nini, na mama akamjibu kwa Kigogo neno fupi, na yule akaendelea na safari yake bila kuuliza tena.

"Usimlaumu yule baba," Paskazia alisema jioni, wakila ugali wa mtama na mlenda. "Amesoma alichopewa."

"Simlaumu. Nilimpa mimi."

Jumatatu Violeth alimweleza Anastazia habari yote. Anastazia alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyeanza kazi ya redio zamani, wakati wanawake walipewa salamu za wasikilizaji na mapishi tu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akampigia simu Fabian, akamwomba afike.

Fabian alifika akiwa amekwishapata malalamiko. Watu wawili walikuwa wamemrudishia mifuko yenye mahindi yaliyooza, na mmoja alimtukana mbele ya wateja. "Lakini tangazo limesema mkaushe!" alilalamika. "Limesema wazi kabisa!"

"Limesema," Violeth alijibu. "Lakini kila mtu amesikia sauti ya mtu anayejua, akaona haya kumuuliza. Wanaume walionunua hawakuuliza, maana mwanaume haulizi dukani. Wake zao nyumbani hawakuuliza, maana baba redioni amekwishasema. Na hao wake ndio wanaojaza mifuko."

"Kwa hiyo unataka usome wewe." Fabian hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyeona mwisho wa barabara. "Dada, nikwambie. Nimeuza vitu miaka mingi. Ukisoma wewe hawatanunua."

"Najua. Hata mama yangu asingenunua."

Jibu hilo Fabian hakulitegemea. Alimtazama Anastazia kama anayeomba msaada.

"Nimefikiri tusome wawili," Violeth aliendelea. "Mnayajua yale matangazo ya mke na mume. Mke anauliza kila kitu, mume anamweleza. Sisi tugeuze. Elisante aulize, mimi nijibu."

"Haiwezekani," Fabian alisema. "Mwanaume gani anamuuliza mke wake habari ya mazao?"

"Wote," alisema Anastazia. "Ila hawaulizi redioni."

Fabian akatazama nje dirishani, ambako wachuuzi walikuwa wanafunika nyanya zao kwa ajili ya vumbi. Alikuwa mfanyabiashara, hakuwa mjinga. Alisema watajaribu wiki chache, na biashara ikianguka watarudi kwenye lile la zamani.

Kazi ikawa ngumu mahali ambapo hawakutegemea. Elisante hakuweza kuuliza. Alisoma, "Je, mama watoto, mahindi haya nitayakaushaje?" na ikasikika kama hukumu ya mahakama. Anastazia alisimamisha mitambo.

"Elisante, unauliza kama polisi."

Akarudia. Sasa alilainisha sauti kupita kiasi, ikawa ya mtu anayebembeleza mkopo. Akarudia tena. Kila swali lilipotoka kinywani mwake lilikuwa na jibu ndani yake tayari. Mwishowe alivua vidude vya masikioni, akaviweka mezani, akasema kwa unyonge ambao Violeth hakuwahi kuuona kwake, "Sijawahi kuuliza kitu kwenye tangazo. Miaka yote hii. Sijui inakuwaje."

"Weka karatasi pembeni," Violeth alimwambia. "Kuna kitu gani hukijui kuhusu hiyo mifuko?"

Elisante alijikuna shingo. "Ukweli? Sijui chochote. Hata hilo la kukausha. Mtu atajuaje kuwa yamekauka? Mahindi si yanaonekana makavu tu siku zote?"

"Chukua chupa kavu ya maji, tia mahindi kidogo, tia na chumvi kavu. Funga, utikise, uache yatulie. Chumvi ikishika pembeni ya chupa, bado yana maji, rudisha juani."

"Chumvi hii ya jikoni?"

"Hiyohiyo. Ila iwe kavu."

"Na isiposhika?"

"Jaza. Lakini usijaze hadi mdomoni. Acha nafasi ya kusokota."

"Nasokota mifuko yote kwa pamoja?"

"Yote kwa pamoja hewa itabaki katikati. Mmoja kwanza, ukaze, ndipo wa pili. Kiroba cha nje mwisho."

"Kumbe," alisema Elisante. Lilikuwa neno dogo, na lilitoka kwa mtu ambaye kweli hakujua na sasa anajua. "Na panya je?"

Waliendelea hivyo kwa muda. Walipogeuka kwenye kioo, Anastazia alikuwa ameinua mkono. Alikuwa amerekodi tangu Elisante alipojikuna shingo.

Walikata, wakapunguza, lakini hawakusoma tena. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyorushwa.

Siku za kwanza mauzo yalipungua, na Fabian aliwakumbusha hilo kila alipopiga simu. Mwanaume mmoja wa Kongwa alipiga studio asubuhi, wakati wa kipindi, kulalamika kwamba wamemfanya mwanaume wa tangazo mjinga. Elisante alimjibu hewani, bila kukasirika, "Kaka, nilikuwa sijui kweli. Wewe ulikuwa unajua habari ya chumvi?" Yule akasema hapana, hiyo ya chumvi alikuwa haijui, na je, chumvi ya mawe inafaa?

Kisha simu zikaja. Nyingi hazikuwa za kununua. Walitaka kujua kama mtama nao unapimwa kwa chumvi, kama karanga zinaweza kuwekwa, kama mfuko ukitobolewa na panya unazibika. Wanawake waliomba waongee na "yule mama". Wanaume nao waliuliza, ila wengi walianza kwa kusema ni wake zao ndio wanaotaka kujua. Anastazia alitenga nafasi fupi kila Alhamisi, na Violeth akakaa kwenye kipaza sauti kujibu. Asilolijua alisema halijui, akamtafuta bwana shamba wa kata, akarudi na jibu wiki iliyofuata.

Alhamisi moja iliingia simu kutoka Haneti.

"Mbukwa, mama wa redioni," sauti ilisema, ikimsalimu kwa Kigogo.

Violeth aliitambua palepale. Namba yake ya mkononi mama alikuwa nayo tangu zamani. Angeweza kuipiga wakati wowote.

"Mbukwa, mama. Karibu."

"Mimi naitwa Paskazia. Nilipoteza mfuko mzima mwaka huu kwa kutouliza. Sasa nina mtama. Nimeupima kwa chumvi, chumvi haikushika. Lakini asubuhi kulikuwa na umande. Nipime tena, au nijaze?"

Upande wa pili wa kioo Elisante aliinua nyusi. Angeweza kusema huyu ni mama yangu, na wasikilizaji wangefurahi. Lakini aliona kwamba mama yake amepiga kama watu wengine, kwa makusudi, na kwamba amekuja na swali, hakuja na salamu.

"Pima tena, mama. Pima saa za mchana, jua likishakuwa kali. Isiposhika, jaza siku hiyohiyo, usiuache ulale nje."

"Asante. Nimekuelewa." Paskazia alisita. "Unajibu vizuri," akaongeza, na simu ikakatika.

Septemba ilipofika Fabian alikuja mwenyewe kituoni. Alisema mauzo yamerudi karibu pale yalipokuwa, hayajazidi, na hakutaka mtu amdanganye kwamba yamezidi. Lakini hakuna aliyemrudishia mfuko tena, na wengine waliokuja walikuwa wanawake, wamekuja wenyewe kwa miguu na kuichagua mifuko mmojammoja, wakiikagua mishono.

"Wananichosha kwa maswali," alisema. "Lakini wakishanunua wanarudi."

Alikuwa na bidhaa mpya, mbegu za alizeti zinazokomaa kwa muda mfupi, na mvua zilikuwa hazijafika. Aliweka pakiti moja mezani, akaisukuma mbele ya Violeth.

"Safari hii tutumie sauti gani? Ya mwanaume, ya mwanamke, au muwe wawili tena?"

Violeth aliichukua pakiti, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma.

"Nani anayepanda alizeti kwa wateja wako?" aliuliza. "Mume, au mke?"

Fabian alifungua kinywa kujibu harakaharaka, kisha akakifunga. Alifikiri. "Sijui," alisema.

"Zuzu wanalima sana alizeti," alisema Elisante kutoka mlangoni. "Si mbali."

Fabian alitazama saa yake, akatazama funguo za gari mkononi, akashuka ngazi pamoja na Violeth na Elisante, waende Zuzu kuuliza.